Vita vya Tanga 1914: tusiwasingizie nyuki, Waingereza waliangushwa na vyombo vya kushushia askari

#1 Mwana wa Chumbageni
Wakuu, heshima kwenu. Kila Novemba ikikaribia hadithi huwa ile ile: Waingereza walikuja Tanga na jeshi zito, nyuki wakawavamia, wakakimbia. Mimi nimekulia Chumbageni na hadithi hiyo naijua tangu sijaanza shule, lakini naona inatuficha jambo kubwa zaidi.

Jenerali Aitken alitoka Bombay na askari wapatao 8,000 ndani ya meli 14 za kubeba watu. Zilikuwa meli za kawaida za abiria na mizigo, zinazotaka maji marefu. Hapakuwa hata chombo kimoja kilichoundwa kupanda ufukweni na kumwaga askari wakiwa tayari kupigana. Wa kwanza waliteremshwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, usiku wa tarehe 2 Novemba, wakavutwa hadi Raskazone nje kidogo ya mji, wakashukia kwenye matope na mikoko wakiwa wamelowa mpaka kifuani. Asubuhi wakaambiwa songeni mbele. Jeshi la namna hiyo hata bila nyuki lingeshindwa.

Miaka 28 baadaye Wamarekani walikuwa wanaunda meli ya mita 100 inayofika mpaka mchangani, inafungua mlango wa mbele na vifaru vinatoka vyenyewe. Hoja yangu ni hii: Aitken angepata meli kama hizo, Tanga ingetekwa siku ya kwanza. Nani anapinga?

#2 Kijana wa Muheza
Napinga mimi. Wewe nyuki huwajui. Mjomba wangu alikuwa mrina asali, siku moja mzinga ulianguka karibu na njia ya ng'ombe. Ng'ombe wawili walikufa na mjomba alilala siku tatu uso umevimba. Sasa weka risasi zinapasua mizinga kwenye minazi, askari wamebeba mizigo mgongoni na jua la Novemba. Nani atabaki kwenye mstari?

#3 Mzee wa Matishari
Mwanangu wa Chumbageni, umenigusa. Mimi nimefanya kazi bandari ya Tanga zama zile meli zinatia nanga nje, zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, kwa sababu gati letu lilikuwa na kina cha mita 3 tu. Hiki kina cha mita 13 mnachokiona ni cha juzi. Sisi kila robota la mkonge lilipita kwenye tishari.

Watu wanaongea tishari kama basi la kupanda na kushuka. Tishari halina injini, linavutwa na tagi, boti ya kuvutia. Likigusana na meli kubwa, wimbi likija, tishari linapanda na meli imetulia, halafu linashuka ghafla. Mtu anayeteremka kwa ngazi ya kamba inabidi apime: ukiruka linaposhuka unavunja mguu, ukichelewa unabanwa. Sisi tulikuwa wazoefu, mchana kweupe, bila bunduki, na bado nimeona wenzangu wakipoteza vidole. Sasa mchukue kijana aliyekaa baharini wiki kadhaa anatapika, mpe bunduki na mzigo, usiku, amri anapewa kwa lugha asiyoijua vizuri. Halafu tagi ikishalifikisha karibu inaliachia, kwa sababu nayo itakwama. Pale katikati ndipo watu wanapoingia majini.

Kwa hiyo sikupingi. Ila hata matishari tunayajua sisi wa Tanga, na tulishusha nayo shehena miaka mingi. Tatizo ni kuyaendesha mahali pasipo gati, na adui yupo.

#4 Raskazone Nje Ndani
Kijana wa Muheza, nyuki wapo kwenye kumbukumbu zote, hakuna anayewakana. Lakini waliwauma Wajerumani na askari wao pia. Waingereza wengine waliamini kabisa kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki makusudi, jambo ambalo halikuwa kweli. Na nyuki walikuja tarehe 4. Kwanza Aitken alishindwa tarehe 3 asubuhi, kabla ya nyuki yeyote kutajwa! Vikosi viwili vilivyotangulia kushuka vilisonga kuelekea mjini, vikapigwa pale kwenye mtaro wa reli na kurudishwa nyuma. Hilo utalielezaje kwa asali?

#5 Kijana wa Muheza
Tarehe 3 sikuijua, nashukuru. Lakini tarehe 4 naishikilia.

#6 Dereva wa Garimoshi
Wote mnaizunguka reli. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa Moshi. Tanga palikuwa na kama watu 250 tu wa kulinda, ndiyo maana ushindi wake ulikuwa wa ajabu, watu 250 dhidi ya 8,000.

#7 Raskazone Nje Ndani
Rekebisha hapo. Hao 250 ni wa mwanzo. Treni zilileta kompani moja baada ya nyingine, mpaka mapigano makubwa ya tarehe 4 alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Bado ni mmoja kwa wanane.

#8 Dereva wa Garimoshi
Asante, mmoja kwa wanane basi. Na hao 750 waliongezeka kwa sababu gani? Kwa sababu walipewa muda! Asubuhi ya tarehe 2 manowari Fox iliingia, Kapteni Caulfeild akawaambia wakuu wa mji wasalimu amri ndani ya saa moja. Hawakusalimu, naye akaondoka zake. Halafu ukaanza wasiwasi wa mabomu ya kutegwa baharini, bandari ikafagiliwa kwanza, na hayakuwapo. Wakati wote huo simu zimeshafika Moshi na garimoshi linapanga mabehewa. Meli ya kushusha vifaru haiwezi kumsaidia mtu aliyempigia adui hodi mlangoni kisha akaenda kuzunguka nje siku nzima.

#9 Bi Sahare
Samahanini wenye uzi, mimi ni mgeni wa mambo ya vita ila nimezaliwa pwani. Hiyo meli ya mita 100 inapandaje mchangani isikatike wala isilale ubavu? Jahazi la baba likipwelewa tulikuwa tunalitegemeza kwa magogo kila upande. Na ikishapanda inatokaje?

#10 Fundi Mitambo wa Meli
Dada yangu, swali lako ndilo kiini cha meli yenyewe, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Jahazi la baba linalala ubavu kwa sababu lina mkuku, ule uti wa chini unaochomoza. Hiyo meli ya mita 100, inayoitwa LST (Landing Ship, Tank, yaani meli ya kushushia vifaru), haina mkuku wa namna hiyo. Tumbo lake ni bapa kama sinia, linakaa mchangani lenyewe bila magogo. Hapo kuna tatizo: chombo chenye tumbo bapa hakifai bahari kuu, kinayumba na kupigwa pembeni, na meli hizi zilitakiwa zivuke Atlantiki na Pasifiki kwa nguvu zake. Chombo cha bahari kuu kinataka kuzama ndani ya maji, na cha ufukweni kinataka kuelea juu. Utafanyaje kimoja kiwe vyote viwili?

Waingereza walianza na njia ya mkato. Baada ya kutolewa Ufaransa pale Dunkirk mwaka 1940 walijua hawawezi kurudi bila vifaru. Wakachukua meli tatu za mafuta zilizoundwa kwa ajili ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako mlango wa ziwa una maji mafupi. Misoa, Tasajera na Bachaquero. Wakazipasua mbele na kuweka mlango. Zilifaa, lakini zilikuwa za kubahatisha.

Novemba 1941 mhandisi wa jeshi la maji la Marekani, John Niedermair, alichora jibu kwa saa chache. Ni jambo ambalo baba yako angelielewa mara moja: farumi. Nahodha wa jahazi akisafiri bila shehena anatia mawe au mchanga chini ili chombo kitulie, akipakia anaitoa. Niedermair aliweka matangi makubwa tumboni mwa meli. Ukienda bahari kuu unayajaza maji, meli inazama chini na kutulia. Ukikaribia pwani unayatoa kwa pampu, meli inapanda juu. Mbele ilihitaji maji ya mita 1.2 hivi na nyuma kama mita 3, yaani tumbo limeinama kufuata mteremko wa ufukwe. Farumi ya maji, basi.

Kutoka: wakiwa bado nje wanaangusha nanga ya tezi, yaani ya nyuma, wanaendelea mbele huku waya unafunguka nyuma zaidi ya mita 200. Wakimaliza kushusha, winchi inavuta ule waya, injini zinarudi nyuma, na meli ikishakuwa nyepesi inajitoa.

Nimeipenda hii meli tangu nilipokuwa mwanafunzi wa injini. Injini zake mbili za dizeli zilikuwa za ukoo ule ule wa injini za garimoshi, Dereva hapo juu atafurahi. Iliundwa zaidi ya 1,000 Marekani, nyingi kwenye yadi za kando ya mto Ohio, mamia ya kilomita kutoka baharini, na watu wengi ambao hawakuwahi kuunda meli kabla.

#11 Bi Sahare
Nimeelewa vizuri sana, ahsante kaka. Baba alikuwa anasema chombo bila farumi ni kama mtu bila usingizi, hakitulii.

#12 Bweni Pangani
Kwa hiyo ni pantoni tu! Sisi kila siku tunavuka mto Pangani hivyo hivyo: kivuko kinasogea, rampu inalala, magari yanatoka.

#13 Fundi Mitambo wa Meli
Ami, rampu ndiyo ndugu wa pantoni, lakini omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, hapana. Pantoni inakwenda na rampu yake mbele kwa sababu mto hauna mawimbi ya kuivunja. LST ilikuwa na milango miwili mikubwa iliyofunga omo ikawa na umbo la meli, na rampu ilikaa nyuma ya milango ikizuia maji. Kitu kingine: pantoni iko wazi juu. Kwenye LST vifaru 20 hivi vinawashwa injini ndani ya tumbo lililofungwa. Moshi ungeua watu kabla ya adui. Walijenga mfano mzima wa sitaha ile nchi kavu, Fort Knox, ili kujaribu mafeni tu.

#14 Mtafiti wa Usagara
Nimesoma mpaka hapa na nina shaka na #1. Miezi sita tu baada ya Tanga, tarehe 25 Aprili 1915, Waingereza walijaribu pale Gallipoli, Uturuki. Waliichukua meli ya makaa River Clyde, wakatoboa milango ubavuni, wakaipandisha ufukweni makusudi ikiwa na watu wapatao 2,000. Hicho ndicho unachokitaka, chombo kinachofika mchangani. Nini kilitokea? Kila aliyetoka mlangoni alikutana na bombomu, bunduki za rashasha, za Waturuki. Waliobaki walisubiri usiku ndani ya chuma.

Agosti mwaka ule ule wakaleta matishari yenye injini, yenye bamba la kuzuia risasi na rampu ndefu mbele, kila moja likibeba watu 500. Wenyewe waliyaita mende kwa sababu ya ile rampu iliyochomoza kama pembe za mdudu. Walishuka Suvla vizuri kuliko Aprili, kisha makamanda wakakaa ufukweni bila kusonga mpaka Waturuki wakafika. Chombo kilikuwa kizuri, uongozi ukawa ule ule wa Tanga.

#15 Mwana wa Chumbageni
Mtafiti, River Clyde ilikuwa meli ya makaa iliyotobolewa, hata daraja la kufikia nchi kavu lilikuwa la mashua zilizofungwa kamba. Huo si ushahidi dhidi yangu, ni ushahidi kwamba chombo cha kubahatisha kinaua. Na mende walifanya kazi, umekiri mwenyewe.

#16 Wa Kaole
Jirani yenu wa Bagamoyo nachangia. Agosti 1916 Waingereza walishuka kwetu kwa mashua za kawaida, mabaharia na wanamaji mia chache, na mji wakauchukua tarehe 15. Hakuna LST wala mende. Ila nyuma yao zilikuwapo Severn na Mersey, manowari bapa zilizoelea kwenye maji yasiyofika mita 2, zile zile zilizoipiga Königsberg kule Rufiji mwaka 1915. Zilisogea karibu na mizinga yake ikawafunika waliokuwa wanashuka. Pale Tanga, Fox ilikuwa na mizinga lakini haikujua ipige wapi, minazi na mashamba ya mpira yalificha kila kitu. Mimi nasema tatizo lilikuwa mizinga.

#17 Kijana wa Muheza
Na Bagamoyo hakukuwa na nyuki.

#18 Wa Kaole
Nyuki tunao, ndugu yangu, asali yetu hujaionja tu.

#19 Mjukuu wa KAR
Shikamooni wakubwa. Babu yangu mzaa mama alitokea Handeni, aliingia KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) na alikwenda Madagaska mwaka 1942. Nimeshangaa kuona Bachaquero imetajwa na Fundi, kwa sababu ndiyo iliyoshusha magari mwezi Mei mwaka ule Waingereza walipoanza kuiteka Diego Suarez. Kikosi cha Afrika Mashariki kilifuata Septemba, kikashukia Majunga, kikatembea mpaka Antananarivo.

Babu hakuwa mtu wa kusimulia risasi. Alisimulia kushuka. Alisema walifundishwa kupanda na kuteremka wavu wa kamba mpaka viganja vikatoka damu, na waliambiwa shika kamba za wima, usishike za mlalo, kwa sababu mwenzako wa juu atakukanyaga vidole. Alipokuwa mzee sana alikuwa bado akishuka kitandani anashika nguzo ya kitanda kwa namna ile. Sisi wajukuu tulidhani ni udhaifu wa magoti.

#20 Mzee wa Matishari
Za wima, kweli kabisa. Na sisi tulifundishana hivyo hivyo. Mungu amrehemu babu yako.

#21 Mtaalamu wa Mabaki
Mnaisifu LST kupita kiasi. Ilikwenda maili 12 za bahari kwa saa ikijitahidi. Mabaharia wake waliyasoma yale maandishi LST kama dhihaka, Large Slow Target, shabaha kubwa inayokwenda polepole. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944, katika mazoezi tu kwenye pwani ya Uingereza, boti za kasi za Wajerumani zilizizamisha mbili, watu zaidi ya 700 wakafa. Mazoezi! Wengi walikuwa wamevaa maboya kiunoni badala ya kwapani, wakapinduka vichwa chini kwa uzito wa mizigo. Na tusidhani ni mambo ya zamani: Machi 2022 meli ya Urusi ya aina hiyo, Saratov, iliungua ikiwa gatini Berdyansk. Chombo cha kushusha jeshi ni hatari kwa waliomo mpaka mtu wa mwisho atoke.

#22 Bweni Pangani
Mwenye kujua, hii rampu ya mbele ni akili ya nani? Nasikia ni Higgins wa New Orleans, yule wa boti za mbao.

#23 Mtafiti wa Usagara
Boti ni zake, zilizoundwa zaidi ya 20,000, kila moja ikibeba watu 36. Rampu waliiona kwa Wajapani. Ofisa kijana wa Marekani, Krulak, aliwapiga picha Shanghai mwaka 1937 wakishuka kwa boti zenye mdomo unaofunguka.

#24 Fundi Mitambo wa Meli
Na kabla ya Wajapani ni wale mende wako wa Suvla. Na kabla ya mende kuna vivuko vya mito. Hili halina baba mmoja.

#25 Mvuvi wa Mwambani
Nimewasoma wote kimya tangu jana. Mmetaja injini, milango, reli, nyuki. Hakuna aliyetaja mwezi, na mnajiita watu wa pwani.

Mimi kazi yangu ni maji. Nimekaa nikahesabu. Tarehe 21 Agosti 1914 jua lilipatwa kabisa kule Ulaya. Jua halipatwi ila mwezi ukiwa mwandamo. Hesabu mwandamo unaofuata, Septemba 20 hivi, halafu Oktoba 19. Ongeza siku kumi na tano: unafika usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Novemba. Mwezi mpevu. Yaani walikuja siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi!

Sasa bamvua ya Tanga mnaijua. Maji yanajaa saa kumi, alfajiri na alasiri, yanakupwa saa nne mpaka saa tano, asubuhi na usiku. Tofauti yake inapita mita 3. Pale Raskazone maji yakipwa namna ile miamba yote iko nje, matope yamelala wazi, unaweza kutembea mbali sana kabla ya kulowa magoti. Tishari lililovutwa usiku ule saa za kupwa lilikuwa linakimbiwa na maji. Ndiyo maana walilowa mpaka kifuani, kisha wakatembea kwenye matope na mwamba. Wangesubiri saa kumi alfajiri wangeshukia kwenye mchanga mkavu.

Huyu Aitken hakukosa meli. Alikosa mvuvi mmoja wa kumuuliza.

#26 Bi Sahare
Mashallah. Hii ndiyo elimu.

#27 Mtafiti wa Usagara
Mvuvi, nimepitia hesabu yako na mwezi ni sahihi. Ngoja nikupe ndugu yake: Tarawa, Pasifiki, tarehe 20 Novemba 1943. Wamarekani walikuja siku za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Boti za Higgins zilihitaji kama mita moja ya maji juu ya mwamba, hazikuipata. Wanamaji waliruka nje na kutembea mamia ya mita majini wakipigwa. Vilivyovuka ni vile vyombo vya minyororo vinavyoogelea na kutambaa. Na Normandia Juni 1944 waliichagua siku kwa mwezi na maji, washuke maji yakianza kujaa wayaone magogo na vyuma vilivyotegwa ufukweni.

#28 Mwana wa Chumbageni
Mvuvi, nakuvulia kofia, lakini umenisaidia mimi! LST isingejali kupwa. Ingekaa kwenye matope ikisubiri maji, vifaru vinatoka.

#29 Mvuvi wa Mwambani
Mwanangu, ile si fukwe ya Normandia ya mchanga mtupu. Mwamba wa Raskazone unatoboa ngalawa. Chuma cha mita 100 kikikalia jiwe moja katikati huku nanga inavuta nyuma, kitakaaje? Na kifaru kikishuka kwenye matope ya mikoko kitakwenda wapi?

#30 Fundi Mitambo wa Meli
Hapo yuko sahihi. Nyingine zilipotea kwa miamba na tufani bila adui. Ramani ya ufukwe ilikuwa na thamani sawa na meli yenyewe.

#31 Dereva wa Garimoshi
Na nakumbusheni Aitken alipewa KAR walioijua pwani hii, akawakataa. Mvuvi wa kumuuliza alikuwapo. Nabaki na reli yangu: hata wangeshuka wakavu tarehe 3 alfajiri, usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow angefika na treni. Alipofika alichukua baiskeli akaenda mwenyewe usiku mpaka Raskazone kuona wamelala wapi. Mmoja anakwenda mwenyewe kwa baiskeli kuchungulia kambi ya adui, mwingine amewakataa wanaoijua pwani.

#32 Raskazone Nje Ndani
Waliondoka tarehe 5 wakaacha bombomu 16 na risasi 600,000 ufukweni, maana matishari yalichukua watu, vitu vikabaki. Hizo silaha zilimlisha Lettow muda mrefu. Chombo cha kuondokea nacho kihesabuni, sio cha kuja tu.

#33 Kijana wa Muheza
Na waliokuwa wanakimbilia hayo matishari walikuwa wanakimbia nini?

#34 Mvuvi wa Mwambani
Bamvua ya mwezi mpevu inakuja wiki ijayo. Mwenye shaka tukutane Raskazone saa nne, tutembee mpaka maji yanapoanza, tupime kwa hatua. Vaeni viatu vigumu.

#35 Mwana wa Chumbageni
Nitakuja. Saa nne ya asubuhi?

#36 Mvuvi wa Mwambani
Ya usiku. Wao walishuka usiku.